Swali la siku 90

Fomu ilikuwa ya kurasa nne, imechapwa kutoka kwenye simu katika duka la fotokopi la Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia, na mwalimu aliyeileta kliniki alikuwa ameshajaza kila kitu isipokuwa mstari mmoja. Je, katika siku 90 zilizopita umebadilishiwa dawa au dozi? Hapo kalamu ilisimama. Mwalimu huyo ana shinikizo la damu kwa miaka mingi. Alikuwa anakwenda Ulaya kwa mafunzo mafupi, na viza ya Schengen haitolewi bila bima ya safari ya walau yuro 30,000. Wiki mbili kabla, muuguzi wa kliniki hiyohiyo alimpandishia amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10.

Alimpandishia kwa sababu alikuwa anasafiri.

Muuguzi ni mama aliyekulia Pweto, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, na wagonjwa wa Nchelenge humwita ba Sista. Anaeleza kwamba mtu akimwambia anakwenda mbali, humpima upya kana kwamba hajawahi kumwona: presha mara mbili, sukari kabla hajala, miguu, macho. Akikuta kasoro huirekebisha mapema. Presha ya 160 kwa 100, anasema, huwezi kuipandisha ndege halafu ukalala usingizi. Kwa ba Sista huo ndio uuguzi. Kwa mikataba mingi ya bima, mgonjwa ambaye dozi yake imeguswa juzi ni mgonjwa ambaye hali yake haijatulia, na ugonjwa wake huachwa nje ya bima. Canada, ambako kipimo hiki cha kutulia kimeenea sana, ipo mikataba inayohesabu hata kupunguziwa dozi. Mtu aliyepata nafuu hadi akapunguziwa vidonge hutiwa kapu moja na aliyezidiwa.

Kinachomuuma ba Sista zaidi ni yule ambaye hajaguswa kabisa. Anawafahamu watu hao kwa sura: wavuvi wanaokaa kambini katika visiwa vya Mweru, Kilwa na Chisenga, ambao huonekana kliniki Desemba hadi Februari tu, serikali inapofunga uvuvi. Miezi tisa hakuna aliyempima. Mtu kama huyo akiletewa fomu atajibu Hapana kwa moyo mweupe kabisa, na fomu itampitisha. Mwalimu anayekuja kila mwezi, anayemeza vidonge vyake kwa wakati, ndiye anayekwama. Swali hilo linadai kupima hatari, lakini kwa wagonjwa wa aina hii linachopima ni nani anahudhuria kliniki.

Mwalimu aliomba jambo moja kwa sauti ya chini: dozi mpya isiandikwe. Ba Sista alikataa. Wagonjwa wa huku hubeba daftari la kawaida la shule, na la mwalimu lilikuwa limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kurasa za mwanzo zimelegea kwa kufunuliwa. Ndani yake mna tarehe, presha, uzito, jina la dawa, saini. Pembeni, kwa wino mwekundu, kila mara dawa ilipokosekana na mgonjwa akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Daftari hilo, anasema muuguzi, ndilo daktari wa ugenini atakaloliomba mwalimu akianguka huko, na kampuni ya bima italiomba vilevile siku ya kudai fidia. Likikutwa na siku isiyolingana na fomu, dai limekufa. Akaandika miligramu 10, akaongeza barua fupi: dawa kwa jina lake la kitabibu na si la kibiashara, sababu ya kupandisha, na vipimo vitatu vya presha baada ya kupandishwa, vyote vikiwa vimeshuka. Wakala alikubali kuuza bima, ila shinikizo la damu likaachwa nje. Kwa ajili ya viza, hati ya bima hiyo ilitosha. Kwa ajili ya ugonjwa wenyewe, mwalimu alisafiri bila bima.

Wajibu wa kusema yote unayoyajua una umri mkubwa. Mwaka 1766 Jaji Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya bima ya ngome moja kule Sumatra, alieleza kwamba anayekata bima ndiye anayeijua hatari, basi asiifiche. Waingereza wenyewe waliulegeza wajibu huo kwa wateja wa kawaida kwa sheria ya 2012: kampuni iulize waziwazi, mteja ajibu kwa uangalifu. Tangu Aprili 2021 kampuni ya huko inayomkataa msafiri kwa sababu ya ugonjwa wake inalazimika kumwonyesha zilipo kampuni zinazopokea wagonjwa. Mwalimu wa Kashikishi hakuonyeshwa kampuni yoyote ya aina hiyo.

Halafu kuna malaria, ambayo Nchelenge haina msimu wa kupumzika. Tuseme mgeni mwenye kisukari, labda Mkongomani aliyehamia Canada, amerudi kuwaona ndugu zake katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Anashikwa na malaria kali, sukari inashuka, anapoteza fahamu. Malaria kali yenyewe hushusha sukari. Kwinini huishusha. Insulini aliyojidunga asubuhi kisha akashindwa kula nayo huishusha. Mkataba unasema haulipi jambo lolote linalotokana na kisukari, kwa njia ya moja kwa moja au isiyo ya moja kwa moja. Ba Sista anauliza ni nani, akiwa ofisini maelfu ya kilomita kutoka kitandani, atakayeitenganisha sukari ya malaria na sukari ya kisukari, wakati yeye aliyesimama hapo na kipimo mkononi hawezi kuitenganisha.

Na kuna barabara. Mgonjwa akiishinda hospitali ya misheni ya St Paul's, hupelekwa Mansa. Akiishinda Mansa, Ndola au Lusaka. Njia fupi kutoka Mansa kwenda Ndola huvuka daraja la Chembe na kukatiza pembe ya Kongo, Pedicle, kiasi cha kilomita 70, kwa sababu ya mpaka uliochorwa 1894. Mzambia anayehamishwa kutoka hospitali ya Zambia kwenda hospitali nyingine ya Zambia hutoka nje ya nchi na kurudi, akiwa amelala. Njia ya Samfya na Serenje haigusi mpaka, ila ni mzunguko mrefu, na mgonjwa wa kiharusi hana saa za kuzunguka.

Ba Sista ameshawauliza mawakala wawili kama bima ya ndani ya nchi inahesabu kipande hicho kuwa safari ya nje. Mmoja alisema ndiyo, mwingine akasema hapana, na hakuna aliyekuwa tayari kutia saini. Tangu hapo huwaambia ndugu wa mgonjwa wadai jibu la maandishi kabla gari halijawashwa, na wengi hupanda bila kulipata.