Istilahi na Utambuzi wa Hitilafu katika Mashine ya Msasa: Mfano wa Karakana ya Kasulo

1.0 Jina na Kifaa

Makala haya yanaeleza jinsi hitilafu za mashine ya msasa ya mkononi zinavyotambuliwa na kutengenezwa, na jinsi lugha ya fundi inavyosaidia au kupotosha kazi hiyo. Mazingira yanayozingatiwa ni ya karakana ya useremala katika kata ya Kasulo, Ngara. Kihangaza na Kisubi huzungumzwa katika wilaya hiyo, ilhali Kiswahili ndicho lugha ya biashara na ya ufundi. Eneo hilo si geni kwa majina ya kukopa: Benaco, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda tangu 1994 hadi 1996, pamerithi jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara.

Neno msasa lenyewe halikukopwa. Ni jina la mti wa jamii ya mkuyu, Ficus exasperata, ambao majani yake makavu yanakwaruza kiasi cha kutumika kulainishia mbao. Kutoka kwenye jani, jina likahamia kwenye karatasi ya dukani, na kutoka kwenye karatasi likaingia katika jina la mashine. Kwa hiyo mashine ya msasa ni istilahi iliyo wazi. Neno sanda, ambalo mtu angeweza kulikopa kwa kufuata sauti ya Kiingereza, lingegongana na sanda ya maiti. Hilo latosha kulikataa.

2.0 Vitenzi vya Hitilafu

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba mashine huishi na kufa kwa vitenzi vya moto: ikifanya kazi inawaka, ikiharibika imeungua. Tatizo liko katika kitenzi cha pili. Kauli "mota imeungua" hutumiwa kwa waya uliokatika, swichi iliyojaa vumbi, kaboni zilizokwisha, na pia kwa koili iliyoungua kwelikweli. Hitilafu tatu za kwanza hutengenezwa kwa gharama ndogo. Ya nne mara nyingi humaliza mashine. Seremala anayekubali kauli hiyo bila kuihoji anaweza kuuza kwa bei ya chuma chakavu mashine iliyohitaji kaboni mbili tu.

Inafaa, basi, kutenganisha "haiwaki" na "inanguruma bila kuzunguka". Katika mota ya kaboni, umeme hupita kwa mfululizo kwenye swichi, koili ya nje, kaboni ya kwanza, koili inayozunguka na kaboni ya pili. Mnyororo ukikatika popote, mashine hunyamaza kabisa. Kimya, kwa hiyo, huelekeza kwanza kwenye soketi, waya (hasa pale unapoingia kwenye mpini, ambapo hupindwa kila siku), swichi na kaboni. Mngurumo ni habari tofauti: umeme unapita lakini nguvu haitoshi, au beringi imekwama. Mashine ikitolewa kwenye umeme na mhimili ukakataa kugeuka kwa mkono, jibu limepatikana.

Kaboni zinastahili maelezo marefu zaidi. Kwanza, jina: ni malighafi iliyokipa kifaa jina lake. Kaboni husukumwa na springi dhidi ya shaba inayozunguka, nayo huliwa pole pole. Dalili ya kwanza ni mashine inayowaka ikigongwa tu, kisha ikazima. Kaboni huondolewa baada ya kuchomoa plagi, si baada ya kuzima swichi pekee. Zikiwa zimepungua hadi kwenye alama yake, au zimebaki milimita tano hivi, hubadilishwa zote mbili, hata kama moja inaonekana nzima. Kisha mashine huachwa izunguke dakika chache bila mzigo ili ncha zikae sawasawa na shaba. Cheche ndogo si tatizo. Cheche zinazoizunguka shaba nzima kama pete huashiria shaba chafu au koili iliyogusana ndani, na hapo ndipo neno kuungua lina haki yake.

3.0 Umeme Hafifu na Vumbi

Mwisho wa njia ndefu ya umeme, au kwa jenereta ndogo, volti 230 zinazotarajiwa huweza kupungua. Mashine huzunguka polepole, seremala naye huikandamiza. Mota hujipoza kwa feni iliyo kwenye mhimili wake; mzunguko ukipungua, upepo hupungua, na mkandamizo huongeza umeme unaovutwa. Joto hupanda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Uzito wa mashine na mkono uliolegea hutosha. Mbao isipolainika, karatasi ndiyo ya kubadilishwa, hasa ile iliyozibwa na utomvu wa msindano.

Vumbi la mbao hukausha grisi ya beringi, na mlio mkali wa kukwaruza hutangulia kukwama kwa siku kadhaa. Beringi yenye mlio hubadilishwa. Kuidondoshea mafuta ya kupikia, kama baadhi wafanyavyo, hugeuza vumbi kuwa gundi. Mafundi huita hali hiyo "mashine inalia", na hapa lugha yao ni sahihi kuliko ya vitabu: kitenzi kinataja sauti, hakitaji chanzo, na humwacha fundi afungue mashine na kutazama.