Mashindano ya Baisikeli katika Vilima vya Rwanda

Nchi ya Rwanda, iliyopakana na Tanzania upande wa kaskazini-magharibi, huitwa nchi ya vilima elfu, wala jina hilo si la kujisifu tu. Humo hufanyika mashindano ya baisikeli yaitwayo Tour du Rwanda, maana yake mzunguko wa Rwanda. Yalianza mwaka 1988, na mwaka 2009 yakaandikwa katika hesabu ya mashindano ya chama cha baisikeli cha dunia, kiitwacho UCI. Siku hizi hufanyika mwezi wa Februari, na huchukua siku nane. Washindanao hutoka Kigali, mji mkuu, wakaenda Huye, Musanze, Rubavu na miji mingine, kila siku sehemu yake.

Mashindano ya namna hii si ya mbio moja na kwisha. Kila jioni huandikwa saa na dakika alizotumia kila mtu, na hesabu ya siku zote hujumlishwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye wa kwanza. Kwa hiyo mtu aweza kushinda mashindano yote, asiwe wa kwanza hata siku moja. Aongozaye katika jumla huvaa fulana ya manjano ili watu wamtambue. Desturi hiyo yatoka Ufaransa, ambako gazeti la L'Auto lilianzisha mashindano ya kuzunguka nchi mwaka 1903. Gazeti hilo lilichapwa katika karatasi za rangi ya manjano, na mwaka 1919 kiongozi akavikwa fulana ya rangi iyo hiyo.

Mtu wa Mazinde hahitaji kufundishwa mwinuko ni nini, kwa kuwa milima ya Usambara imesimama juu ya mji wake kama ukuta. Afuataye barabara ya Korogwe hufika Mombo, na hapo njia ya Lushoto hugeuka ikapanda mlimani kwa kupindapinda, ikipita Soni. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilometa 33 hivi, na kimo huzidi karibu meta elfu moja. Apandaye na baisikeli yenye mzigo hushuka akaisukuma kwa mikono muda mrefu kabla hajaliona soko la Soni. Basi na akumbuke njia hiyo asomapo habari hizi.

Mtu asiyejua mchezo huu akitazama uwanda ulio sawa, huona watu mia na zaidi wamesongamana kama kundi la kondoo, naye huuliza kwa nini yule mwenye nguvu hawaachi wenzake akaenda zake. Sababu ni upepo. Baisikeli iendayo mbio hupambana na hewa iliyo mbele yake, na mtu akizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya hewa imzuiayo huzidi mara nne. Aliye nyuma ya mwenziwe hukingwa, kama vile mtu ajikingavyo nyuma ya mkokoteni siku ya upepo mkali, naye huhifadhi nguvu zake. Kwa hiyo watu wa kikosi kimoja hupokezana mbele, wengine wakijitoa kabisa ili mkubwa wao afike mwisho akiwa hajachoka. Wengi wa hao huendesha mwaka mzima wala majina yao hayatajwi, na hiyo ndiyo kazi waliyoajiriwa.

Lakini katika mlima mkali mwendo hupungua, na upepo nao hupungua. Hapo kinga ya mwenzio haikufai sana, na kila mtu huachwa na miguu yake na mapafu yake. Kundi hukatika vipandevipande. Ndiyo sababu mtazamaji mwenye akili hasimami katika uwanda, ambako wote hupita kama risasi na kuacha vumbi. Huenda mlimani, ambako huziona nyuso zao mmoja mmoja.

Mahali palipo mashuhuri katika Kigali ni kilima cha Kwa Mutwe, ambacho wageni hukiita ukuta wa Kigali. Njia yake si ya lami bali ya mawe yaliyopangwa, nayo huchukua meta 400 hivi tu; lakini katika kila meta mia ya kwenda mbele mtu hupanda kama meta kumi na moja. Gurudumu likisita juu ya jiwe, mwendeshaji huyumba, na akisimama ni vigumu kuondoka tena. Watu hujaa pande zote mbili, hata juu ya kuta na matawi ya miti, wakishangilia kwa sauti moja. Hakuna alipaye kiingilio. Huu ni mchezo unaompitia mtu mbele ya mlango wake, na maskini huweza kusimama karibu zaidi kuliko tajiri akichelewa tajiri.

Atakaye kutazama vizuri hufika mapema, kwa maana barabara hufungwa. Kwanza hupita pikipiki za polisi, kisha magari ya wenye kutangaza biashara, kisha kimya. Baadaye huja gari la waamuzi, na nyuma yake wale wachache waliotangulia, kisha kundi kuu, na mwisho magari ya vikosi yenye baisikeli za akiba juu ya paa na mafundi ndani. Mtu akipata pancha, fundi hushuka mbio, akabadili gurudumu kwa muda mfupi sana. Baisikeli zenyewe ni nyepesi mno: sheria yakataza ipungue kilo 6.8, na mtoto mdogo aweza kuiinua kwa mkono mmoja. Anayependa kuwaona mara ya pili siku ile ile yampasa aijue nchi, akate njia ya mkato kwa pikipiki au kwa miguu juu ya kilima, awawahi upande wa pili. Vijana wa Rwanda ni hodari katika jambo hilo.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Kigali, nayo yalikuwa ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilometa 267.5, na ukijumlisha miinuko yote walipanda meta 5,475, yaani kama kutoka Mombo mpaka Lushoto zaidi ya mara tano katika siku moja. Njia ilikuwa ya kuzunguka mjini, hata mtazamaji aliyekaa mahali pamoja aliwaona mara nyingi, na kila mara walikuwa wachache kuliko kwanza. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwashambulia wenzake zikiwa zimebaki kilometa 100 na zaidi, na kilometa 66 za mwisho alikwenda peke yake, akashinda. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa wa pili. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kwa upande wa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtazamia hata kidogo.

Kuna jambo moja limpasalo kila mtazamaji, nalo si adabu tu. Tarehe 26 Juni mwaka 2021, katika mashindano ya Ufaransa, mwanamke mmoja alisogea njiani na kibao cha karatasi ngumu chenye salamu kwa babu na bibi yake. Alikuwa ameigeukia kamera, kundi akalipa mgongo. Tony Martin wa Ujerumani, aliyekuwa mbele, akakigonga kibao akaanguka, na makumi ya wenzake wakaangukiana juu yake. Mahakama ilimtoza mwanamke yule faini. Watu waendao kilometa 45 kwa saa, bega kwa bega, hawana nafasi ya kumkwepa mtoto avukaye ghafula wala mbuzi aliyekatika kamba. Wazazi wa Rwanda huwashika watoto mikono, na hufanya vema.

Waafrika hawakubaki watazamaji tu. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alibeba bendera ya nchi yake katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akashinda mzunguko wa Rwanda, na tangu mwaka huo mpaka 2018 Wanyarwanda walishinda miaka mitano mfululizo. Mwaka 2019 mashindano yakapandishwa daraja, vikosi vyenye nguvu vikaja kutoka ng'ambo, na ushindi ukawa mgumu zaidi. Mwaka ule alishinda Merhawi Kudus wa Eritrea. Mwenzake, Biniam Girmay, alishinda siku tatu katika mashindano ya Ufaransa ya mwaka 2024, akarudi na fulana ya kijani, ambayo hakuna Mwafrika mweusi aliyeivaa mpaka mwisho kabla yake. Kikwazo kikubwa cha vijana wengine ni bei, kwa maana baisikeli moja ya mashindano hupita mapato ya mkulima ya miaka mingi.

Nyuma ya wote hupita gari la mwisho, ambalo huwachukua walioshindwa kuendelea. Wengine hukataa kuingia, wakapanda polepole peke yao, na watu huwashangilia hao kuliko walivyowashangilia wa mbele. Likiisha pita gari hilo barabara hufunguliwa. Hapo hurudi wenye baisikeli za kazi, waliokuwa wakingoja pembeni, kila mmoja na mkungu wake wa ndizi au gunia lake la viazi au abiria wake, nao huanza kusukuma kupanda kilima kile kile.