Polishi Ni Msasa: Soma Hii Kabla Hujanunua Kile Kimashine cha Bei Chee

Ukipita maduka ya vifaa Kariakoo utakutana na kimashine cha kushika mkononi, usoni kina sponji ya duara, na kwenye boksi kuna picha ya gari linalometameta kama kioo. Bei yake haitishi. Mwanafunzi ambaye bumu limeingia juzi anaanza kupiga hesabu: maegesho ya wahadhiri yamejaa IST na Vitz zilizofifia, nikichukua mbili kila Jumamosi, mpaka mwisho wa semista nitakuwa mbali. Hesabu yenyewe si mbaya. Kinachokosekana ni kujua kile kimashine kinaifanya nini rangi ya gari, na gari lenyewe ni la mtu. Kupiga rangi upya boneti moja ni hela ambayo haimo kwenye bumu la mtu yeyote.

Tuanze na maneno. Mtaani polishi na waksi ni kitu kimoja: unapaka, gari linang'aa, basi. Kumbe ni kazi mbili zinazokwenda kinyume. Waksi inaongeza kitu juu ya rangi. Polishi inapunguza. Ndani ya ile losheni mna chembe ngumu, mara nyingi za alumini oksaidi, ndogo kiasi kwamba ukizisugua kwa vidole huzihisi. Ni msasa, ila msasa laini sana uliochanganywa kwenye losheni.

Sasa, msasa huo unakwangua nini? Magari mengi ya miaka hii yana rangi ya matabaka: praima chini, rangi yenyewe katikati, juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Mng'aro wote unatoka kwenye klia. Na klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Chukua karatasi moja ya fotokopi uishike: hiyo ni kama maikroni 100. Yaani kinachokutenganisha na hasara ni nusu ya unene wa karatasi, tena kwa gari la mtumba lililokwisha kupigwa polishi Japani na likapigwa tena hapa, huenda ni chini ya hapo.

Gari hufifia kwa sababu uso wa klia umejaa mikwaruzo midogo. Mingi inatokana na kuoshwa vibaya: kitambaa kimoja, ndoo moja, mchanga uleule unazungushwa kwenye bodi kuanzia matairi mpaka paa. Mwanga ukiangukia uso uliokwaruzwa unatawanyika kila upande badala ya kurudi pamoja, ndiyo maana ukisimama juani unaona duara za utando kama wa buibui kulizunguka jua kwenye boneti. Polishi inakata vilele vya mikwaruzo hiyo mpaka uso uwe sawa. Mkwaruzo ambao ukipitisha ukucha unanasa, huo umekwenda chini sana, uache.

Ndipo tunafika kwenye mashine, na hapa ndipo watu wanapotofautiana bila kujua wanazungumzia vitu viwili. Aina ya kwanza inazungusha sponji moja kwa moja kama grainda. Motokaa inavyoigeuza ndivyo inavyokwenda, hata ukigandamiza haisimami, joto linajikusanya sehemu moja. Mikononi mwa fundi mzoefu inafanya maajabu. Aina ya pili, sponji inazunguka huku ikiyumba kwenye duara dogo, na mzunguko wake uko huru: ukigandamiza mno inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu. Udhaifu huo ndio usalama wako. Inakata polepole, utatumia saa nyingi zaidi, lakini kuchoma rangi nayo inataka juhudi. Mwenye kujifunza anunue hii, hata kama ni ya bei ya chini kabisa.

Kitu ambacho usikifanye ni kufunga sponji kwenye grainda ndogo ya kukatia chuma. Nyingi zinazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu na sponji ya milimita 125: ukingo wake unapita juu ya rangi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Mashine halisi ya polishi ikiwa kwenye mizunguko 1,000, ukingo uleule unakwenda kama kilomita 24. Fizikia ya kidato cha pili inatosha kujua nani atatoka na alama nyeupe kwenye boneti.

Halafu angalia kibao cha umeme. Mashine za mitumba kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 za hapa bila transfoma utasikia harufu kabla hujaona mng'aro.

Kazi yenyewe inafanyika kivulini, bodi likiwa limepoa. Osha gari kabisa kwanza, maana chembe moja ya mchanga chini ya sponji itachora kuliko mikwaruzo uliyokuja kuiondoa. Likauke, na usisimame kwenye sakafu yenye maji ukiwa na ekstensheni mkononi. Vua pete, mkanda wenye bakoli ya chuma, na ile kamba ya kitambulisho cha chuo inayoning'inia shingoni. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo na mikunjo ya bodi, kwa sababu pale klia huwa nyembamba na ndipo wengi wanapotoboa.

Weka matone manne ya polishi kwenye sponji, kila moja kama punje ya njegere. Shughulika na eneo la sentimita 50 kwa 50 tu. Gusisha sponji kwenye bodi ndipo uwashe, la sivyo polishi itaruka mpaka kwenye miwani yako. Sambaza kwa kasi ndogo, ongeza, kisha tembeza mashine taratibu kwenda na kurudi, halafu kukata njia ileile kwa upande mwingine, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia. Usigandamize, uzito wa mashine unatosha pamoja na mkono kidogo. Mapito matatu au manne, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, mulika kwa tochi ya simu. Gusa bodi kwa mgongo wa mkono: likiwa la moto, ngoja. Ukiona rangi ya gari kwenye sponji, simama papo hapo. Ama gari hilo halina klia, ama ulikuwa nayo dakika moja iliyopita.

Waksi haihitaji mashine, ingawa vile vimashine vikubwa vyenye kasi moja vinaipaka vizuri na kwa kweli ndiyo kazi vinayoiweza zaidi. Paka nyembamba, iache ifanye ukungu, futa. Ya asili inayotokana na mnazi-pori wa Brazil uitwao karnauba hukaa wiki kadhaa kwa jua letu. Za kutengenezwa hukaa zaidi. Wapo wanaopaka dizeli au mafuta ya taa. Itang'aa mpaka mteja apite kwenye vumbi.

Kuna magari ya kukataa. Paa lililobambuka likawa na mabaka meupe, klia imekwisha, hakuna losheni itakayoirudisha. Huyo mwelekeze kwa fundi rangi. Na yupo mteja atakayependa kazi yako akataka polishi kila mwezi. Mwambie ukweli kwamba kila mara unampunguzia klia, umuuzie waksi na kuosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Kabla hujawasha mashine, piga picha kila paneli ukiwa na mwenye gari pembeni, mkwaruzo wa zamani uonekane ni wa zamani.