Oksijeni ya Delta Ihesabiwe kwa Saa

Orodha za vifaa vya hospitali zina mazoea ya kuhesabu oksijeni kwa mitungi: mingapi imejaa, mingapi imekwisha, mingapi inasubiri gari. Kwa mgonjwa aliyelazwa Muhimbili, ambako gesi hutoka kwenye bomba ukutani, hesabu hiyo haimhusu kabisa. Kwa mgonjwa wa Salale, Kiongoroni, Maparoni au Mbwera, kwenye Delta ya Rufiji, inamhusu, lakini haimtoshi. Delta hiyo imebeba msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na njia zake nyingi ni za maji. Maji hayo yana ratiba isiyomwuliza mganga. Wakati wa bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kijito kilichopitisha boti asubuhi kinaweza kuwa tope mchana. Akibanwa kifua wakati maji yanaanza kupwa, mgonjwa hasubiri dereva wala mafuta, anasubiri bahari irudi. Ndiyo maana nasema wilaya ya Kibiti inapopanga mahitaji ya oksijeni ianze na swali la saa: mgonjwa mahututi atakaa muda gani kati ya kitanda cha zahanati na kitanda cha hospitali, na katika muda huo atapumua nini?

Hesabu yenyewe si ngumu. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na kwa mapafu mazima hiyo inatosha. Nimonia inapojaza majimaji kwenye vifuko vya hewa, au pumu inapobana njia zake, damu hupita mapafuni bila kupata mzigo wake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mgonjwa apewe oksijeni kiwango chake kwenye damu kinaposhuka chini ya asilimia 90, na mwenye dalili za hatari apandishwe hadi 94 au zaidi. Mtoto mchanga anaweza kuridhika na nusu lita kwa dakika kupitia mirija ya puani, na mtoto mkubwa kidogo na lita moja au mbili. Mtu mzima mwenye nimonia kali huanza na lita tano, na akizidiwa huvalishwa barakoa yenye mfuko inayotumia lita 10 hadi 15. Sasa chukua mtungi mdogo wa kusafiria wenye lita 680. Kwa lita kumi kwa dakika unakwisha katika dakika 68, muda ambao maji yaliyopwa hayajaanza hata kugeuka. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ungempa mgonjwa huyohuyo saa 11, lakini ni chuma cha karibu kilo 70 cha kupakiwa kwenye boti pamoja na mgonjwa, muuguzi na ndugu wawili. Hakuna nahodha anayeondoka gatini Nyamisati bila kupima mafuta ya safari yake, ila mtungi tunaupakia kwa sababu tu umejaa.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha njia. Muda mwingi wa rufaa ya delta ni muda wa kungoja, na anayengoja amelala ndani ya jengo. Huko ndiko inakofaa mashine ya kuzalisha oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida, ikainasa naitrojeni kwenye chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti na kutoa gesi yenye oksijeni ya asilimia 90 na ushee. Mashine haikwishi ilimradi umeme upo. Ikimshika mgonjwa kwa saa sita za kungoja maji, mtungi mdogo unabaki umejaa kwa ajili ya safari tu. Hata hivyo mashine ya lita tano kwa dakika ina mpaka wake: itawahudumia watoto kadhaa kwa pamoja, lakini mtu mzima aliyezidiwa itamtosheleza kwa shida. Kwenye kituo kinachopokea wagonjwa wa visiwa kadhaa ningependekeza ya lita kumi.

Kabla ya mashine, lakini, kuna oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni ya damu. Rufiji ina historia hapa ambayo wapangaji wa leo hawaitumii vya kutosha. Kibiti ilipokuwa bado sehemu ya wilaya hiyo, wahudumu wa zahanati walifundishwa utaratibu wa kumhudumia mtoto mgonjwa kwa kumwangalia mzima mzima, ukiwemo ule wa kuhesabu pumzi: 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Watafiti walilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizotumia utaratibu huo, na Kilombero na Ulanga ambazo hazikuwa zimeuanza. Hadi kufikia 2002 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizoutumia. Hakikuwa kifaa cha bei kubwa kilicholeta tofauti. Ulikuwa uamuzi sahihi, kwa mgonjwa sahihi, kwenye ngazi ya chini kabisa. Pumzi za haraka, hata hivyo, hazisemi nani amepungukiwa oksijeni, na rangi ya bluu midomoni huonekana kwa taabu kwenye ngozi nyeusi, tena kwa taabu zaidi kama mtoto ana upungufu wa damu kutokana na malaria.

Oksimita ndiyo inayosema. Katika hospitali tano za Papua New Guinea, kuweka oksimita pamoja na mashine za oksijeni kulifuatiwa na kushuka kwa vifo vya watoto wenye nimonia kwa asilimia 35, kama ilivyoripotiwa mwaka 2008. Utafiti wa baadaye katika hospitali 12 za kusini-magharibi mwa Nigeria ulitoa jibu la kufikirisha zaidi: vifo vya nimonia vilipungua pale wauguzi walipoanza kupima kila mtoto, na kuleta mfumo kamili wa oksijeni baadaye hakukuonyesha punguzo jingine la wazi. Silisomi jibu hilo kama ushahidi kwamba mashine hazina kazi. Hospitali zile zilikuwa na oksijeni kiasi tangu mwanzo, zilichokosa ni kumjua wa kumpa. Zahanati ya kisiwani inakosa vyote viwili, kwa hiyo inahitaji vyote viwili, ila kwa mpangilio huo. Na kipimo chenyewe kisiaminiwe kama msahafu. Kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu ya ukweli kwa pointi kadhaa, hivyo 92 kwa mtu anayehema kwa nguvu ichukuliwe kwa mashaka. Rangi ya kucha au piko vidoleni navyo huweza kukivuruga. Mama aliyetoka harusini apimwe kwenye ndewe ya sikio.

Pingamizi la kwanza nitakaloulizwa ni umeme, nalo ni la haki. Mashine ya lita tano hutumia karibu wati 350, yaani uniti 8.4 kwa siku ikiwaka mfululizo. Sola iliyofungwa kwa ajili ya taa na friji ya chanjo haiwezi mzigo huo. Kwa jua la saa tano zenye nguvu unahitaji paneli za kilowati mbili au zaidi, na betri za kupitisha usiku. Ni gharama, lakini si ndoto: nchini Uganda mfumo wa oksijeni ya jua ulijaribiwa kwenye vituo 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha vifo vya watoto waliopungukiwa oksijeni, ndani ya saa 48 za kwanza, vikipungua kwa karibu nusu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya umeme ni chumvi na unyevu. Hewa ya mikokoni hula chuma, na zeolaiti ikilowana hupoteza kazi yake huku mashine ikiendelea kunguruma kana kwamba ni nzima. Kichujio kisafishwe kila wiki, na gesi ipimwe ubora kwa kifaa chake. Bila fundi wa vifaa tiba mwenye ratiba ya kupita visiwani, fedha ya kununulia itakuwa imetupwa.

Wengine watasema ni bora kujenga mtambo mkubwa Kibiti mjini. Wakati wa UVIKO-19 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ilikwenda kwenye mitambo ya oksijeni na vyumba vya wagonjwa mahututi. Uwekezaji huo ulihitajika na siupingi. Mtambo ukiwa barabarani hujaza mitungi ya hospitali za barabarani, kuanzia Kibiti na Mchukwi hadi Utete ng'ambo ya mto. Unapofika gatini Nyamisati, faida yake inarudi kuwa suala la mtungi wa lita 680 na saa za maji.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa wagonjwa wenyewe. Wapo wengi wanaoamini kwamba aliyewekewa gesi hana siku, na ndugu wengine huomba mirija itolewe. Si ujinga, ni watu wanaosema walichokiona: pale ambapo oksijeni ni haba, hupewa anayekaribia kukata roho, na wengi wao hufa kweli. Elimu ya redioni peke yake haitaifuta imani iliyojengwa kwa mazishi. Itapungua iwapo mtoto mwenye 87 atawekewa mirija jioni hapohapo zahanati, akapewa na antibayotiki yake, kisha majirani wamwone akinyonya kesho yake asubuhi kabla hata boti haijafika. Kwa sababu hiyo pia ningependa bajeti ya halmashauri, kwenye kila zahanati ya delta, ionyeshe namba mbili kando ya idadi ya mitungi: saa ndefu zaidi ambazo mgonjwa wa hapo hungoja maji, na lita zilizopo za kuzivusha saa hizo.