Panya na Mchicha Wetu
Dawa inyunyizwayo juu ya mchicha tuulao imekwisha kujaribiwa kwa panya. Wataalamu huwalisha dawa hiyo kwa vipimo mbalimbali, hata wakapata kile kisichowadhuru. Kisha hukigawa kwa 100, yaani 10 mara 10. Kumi ya kwanza ni kwa kuwa mtu si panya. Ya pili ni kwa ajili ya mtoto, mzee na mgonjwa. Hesabu hiyo Lehman na Fitzhugh waliieleza Marekani mwaka 1954.

Lakini, mama wa nyumba, hesabu haikumhesabu mkulima anyunyizaye leo na kuchuma kesho, wala debe la dawa lililosuuzwa likatiwa maji ya kunywa. Muulize muuzaji ulinyunyiziwa lini. Mimi nimekwisha kuurudisha mara mbili, naye akaninunia.