Mshipa wa Moyo Baada ya Puto: Jeraha Lisiloonekana

Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Uswisi, Dkt. Andreas Grüntzig alipitisha mrija mwembamba wenye puto kwenye ncha yake hadi ndani ya mshipa wa moyo wa mgonjwa mwenye umri wa miaka 38. Mgonjwa alikuwa macho. Puto lilipojazwa, sehemu iliyosinyaa ilipanuka na damu ikapita, bila kifua kupasuliwa. Matibabu hayo yameenea duniani, na leo hufanyika pia jijini Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Hata hivyo, katika miaka iliyofuata madaktari waliona kwamba kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu, mshipa uliozibuliwa kwa puto peke yake ulisinyaa tena, aghalabu ndani ya miezi 6. Chanzo kikuu kilikuwa namna mwili unavyoponya jeraha.

Puto haliondoi mafuta yaliyojijenga katika ukuta wa mshipa. Huyabana na kuyapasua, na papo hapo huutanua ukuta wenyewe. Tabaka la ndani kabisa, ambalo unene wake ni wa seli moja tu, hukwanguka. Tabaka hilo ndilo linaloiwezesha damu kutiririka bila kuganda; likitoka, damu hugusana na sehemu za ukuta ambazo haikupaswa kuzigusa.

Kwa muda mfupi chembe sahani hunata mahali palipochubuka na kuanza kugandisha damu. Chembe nyeupe za damu hufuata, nazo huzusha mchochota, yaani ule mwitikio wa mwili ambao juu ya ngozi hujidhihirisha kwa joto, wekundu na uvimbe. Bila mwitikio huo jeraha haliponi. Lakini ukizidi, seli za misuli laini zilizo katikati ya ukuta huzaliana kupita kiasi, huhamia upande wa ndani na kujenga kovu nene. Ukuta uliotanuliwa nao huweza kunywea. Ndivyo njia ya damu inavyorudi kuwa nyembamba.

Mwaka 1986, nchini Ufaransa na Uswisi, wagonjwa wa kwanza waliwekewa stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma kinachouzuia ukuta usinywee. Kunywea kulipungua, ila kovu liliendelea kuota kupitia matundu ya wavu. Baadaye zikaja stenti zilizopakwa dawa, kama vile sirolimasi, inayopunguza kasi ya seli kuzaliana. Kusinyaa upya kukapungua sana. Lakini dawa hiyo haibagui: huchelewesha pia kuota kwa tabaka la ndani. Kwa hiyo chuma hukaa muda mrefu zaidi kikigusana na damu, na damu inaweza kuganda juu yake.

Hapa ndipo mgonjwa anapohusika. Baada ya matibabu, maumivu ya kifua hutulia na mwili hupata nguvu. Mgonjwa hujiona amepona, na pengine bei ya dawa inamlemea; basi huacha vidonge. Damu ikiganda ndani ya stenti, mshipa huziba ghafla, na shambulio la moyo linalofuata mara nyingi huua.

Ndiyo maana aspirini hutolewa pamoja na dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani, kwa mfano klopidogreli. Kwa kawaida dawa hizo mbili hutumika pamoja kwa miezi 6 hivi kwa mgonjwa ambaye hakupata shambulio la moyo, na miezi 12 kwa aliyelipata. Daktari wa moyo huweza kufupisha au kurefusha muda huo akizingatia hatari ya kutokwa na damu. Mgonjwa anayetaka kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji asiache dawa kabla ya kumwuliza daktari huyo.

Mhudumu wa afya naye aandike kwenye kadi ya mgonjwa tarehe ya kuwekewa stenti na muda wa dawa, na kila hudhurio aulize kama vidonge vinapatikana na kama vinanunulika. Sigara, kisukari kisichodhibitiwa na shinikizo la juu la damu huendelea kuujeruhi mshipa. Dawa za statini hupunguza lehemu na mchochota pia. Maumivu ya kifua yakirejea, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, asisubiri kupambazuke.