Mwindaji Mzee na Bata wa Mwituni

Upande wa mashariki wa nchi ya Uingereza iko ghuba pana iitwayo The Wash. Ufuko wake si wa mchanga mweupe na minazi, kama ule wa Tanga au Malindi. Ni uwanda mkubwa wa matope na majani mafupi yapendayo chumvi, nao umekatwakatwa na vijito vingi. Maji yakijaa huufunika, na maji yakipwa huuacha wazi mbali sana. Katika miezi ya Desemba na Januari, wakati upepo wa kaskazi uvumapo katika pwani ya Afrika ya Mashariki na jua kuwa kali, huko ni kipupwe. Maji ya mabwawa huganda, na katika siku zilizo fupi kabisa jua huchomoza saa mbili ya asubuhi na kutua kabla ya saa kumi ya alasiri. Watu wengi wakati huo hukaa karibu na moto. Lakini mahali hapo pasipopendeza ndipo bata wa mwituni wajapo kwa maelfu, na nyuma yao huja mwindaji.

Bata hao hawakuzaliwa Uingereza. Bata bukini wenye miguu ya rangi ya waridi huzaa katika visiwa vya Iceland na Greenland. Bata bukini wadogo weusi, waitwao brent, hutoka mbali zaidi, katika Siberia, upande wa kaskazini wa nchi ya Urusi. Huko wakati wa joto ni mfupi, nao wakati wa baridi theluji hufunika majani yote, wasipate chakula. Basi kabla theluji haijaanguka, wazazi huondoka pamoja na watoto wao, nao huruka kwa safu zilizopindana kama herufi ya V, wakiitana njiani usiku na mchana. Mtoto hujifunza njia kwa kufuatana na wazazi wake.

Mzee aliyekulia katika pwani hiyo hazihitaji sana kalenda wala saa, kwa maana amezisoma desturi za ndege tangu utoto wake. Ajua kwamba bata bukini hulala usiku juu ya matope yaliyo wazi, mahali ambapo mbweha hawezi kuwanyemelea pasipo kuonekana. Alfajiri huondoka, nao huenda bara kula majani ya mashamba na mabaki ya viazi yaliyoachwa na wakulima. Jioni hurudi baharini. Bata wadogo hufanya kinyume: wengi wao hupumzika majini mchana kutwa, na giza likiingia huruka kwenda bara kula. Kwa hiyo mwindaji hana siku nzima ya kazi. Ana muda mfupi wakati wa mapambazuko, na muda mfupi mwingine wakati wa magharibi. Mwezi ukiwa mpevu mambo hubadilika, kwani bata bukini huweza kula usiku kwa mwanga wa mwezi. Upepo nao una neno lake. Siku ya utulivu ndege hupita juu sana. Siku ya upepo mkali hulazimika kuruka chini.

Zaidi ya hayo yote, imempasa mzee kuyajua maji. Kama wavuvi wa Afrika ya Mashariki wajuavyo, wakati wa bamvua bahari hupanda kupita kiasi cha siku nyingine. Katika uwanda ule maji hayaji mbele tu, ambako mtu huyaona. Huingia kwanza katika vijito vilivyo nyuma yake, na mtu asiye na hadhari hujikuta amezungukwa. Tena ukungu ukishuka, mashariki na magharibi huwa sawa machoni. Kwa hiyo mwindaji mwenye akili huchukua dira mfukoni mwake, na huondoka mapema, hata kama ndege ndio kwanza wanaanza kuja.

Bunduki atumiayo haipigi risasi moja, bali hutupa marisau mengi, yaani vipande vidogo vya madini. Marisau hayo hutoka katika mtutu yakiwa pamoja, na kadiri yaendavyo mbali hutawanyika. Ndege aliye karibu hupigwa na mengi akafa mara moja. Ndege aliye mbali hupigwa na moja au mawili. Haanguki, bali huenda zake na jeraha, akafe peke yake mahali pasipojulikana. Kifo hicho hakimpi mtu yeyote chakula. Kwa sababu hiyo wazee huwafundisha vijana kwamba mwisho wa kupiga ni kama hatua arobaini. Neno hili ni rahisi kulisema na gumu kulishika, maana bata bukini ni ndege mkubwa, na ukubwa wake hudanganya macho. Aonekana yu karibu, kumbe yu mbali. Kijana aliyekaa gizani katika baridi saa mbili huona kundi la kwanza likipita, na kidole chake chamwasha. Mzee huliacha lipite. Pembeni mwake yuko mbwa aliyefundishwa kuogelea na kumleta kila ndege aliyeanguka, hata katika maji ya barafu, ili asibaki mmoja akiteseka.

Walakini uwindaji wa zamani haukuwa na kiasi hicho siku zote. Katika karne ya kumi na tisa wako watu waliopata riziki yao kwa kazi hiyo, nao waliwauza ndege katika masoko ya London, hasa reli ilipofika karibu na pwani. Walilala kifudifudi ndani ya kihori kilicho chini sana, kilichopakwa rangi kama ya maji, na mbele yake imefungwa bunduki kubwa kuliko mtu. Bunduki hiyo iliweza kutupa ratili nzima ya marisau kwa mlio mmoja. Kihori kililisogelea kundi lililotulia majini, na kwa mlio mmoja ndege wengi wakafa pamoja.

Kulikuwa na mtego mwingine wa ajabu, ambao Waingereza walijifunza kwa Waholanzi katika karne ya kumi na saba. Palichimbwa ziwa dogo kati ya miti, na kutoka ziwa hilo mifereji iliyopinda ikafunikwa kwa nyavu, mipana mwanzoni na myembamba mwishoni. Kando ya mfereji zilisimamishwa nyua za matete. Mtega aliwatuma bata mbwa mdogo, mara nyingi mwenye rangi kama ya mbweha. Mbwa huyo alitokea nyuma ya ua mmoja akajificha nyuma ya wa pili, kisha akatokea tena mbele zaidi. Bata wana desturi ya kumkodolea macho adui na kumfuata kwa mbali, wapate kujua aendako. Basi walimfuata mbwa ndani ya mfereji, hata mtega alipojionyesha nyuma yao, wakakimbilia mwisho wa wavu.

Katika karne ya ishirini wazee walianza kusema kwamba makundi mengine yamepungua. Sababu hazikuwa bunduki peke yake. Mabwawa mengi yalikuwa yamekaushwa ili kupata mashamba. Tena katika miaka ya 1930 ugonjwa uliziharibu nyasi za baharini ambazo ndizo chakula kikubwa cha wale bata weusi watokao Siberia, nao wakapungua sana. Mwaka 1954 sheria ya kuwalinda ndege ilipita katika Bunge la Uingereza, na bata hao weusi wakakatazwa kuwindwa. Baada ya miaka hesabu yao ikaongezeka tena. Hata hivyo wawindaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuona hatari mapema. Mwaka 1908 waliunda chama chao, kwa kuwa walifahamu kwamba bwawa likikauka, bata huondoka, na mwindaji naye hana kazi.

Miongoni mwa waliowinda katika ghuba hiyo alikuwa Peter Scott. Alizaliwa mwaka 1909. Baba yake, Kapteni Robert Falcon Scott, alikufa mwaka 1912 katika barafu alipokuwa akirudi kutoka Ncha ya Kusini ya dunia. Katika barua yake ya mwisho kwa mkewe aliomba mtoto wao afundishwe kupenda mambo ya wanyama na mimea. Kijana alipokuwa akisoma Cambridge aliwapenda bata kuliko vitabu vyake, na upendo wake ulikuwa wa bunduki. Baadaye alikaa katika mnara wa taa wa zamani karibu na mto Nene, akichora picha za bata na kuwafuga wengine walio hai.

Siku moja yeye na wenzake waliwapiga bata bukini, na mmoja akaanguka mbali katika matope mororo yasiyoweza kukanyagwa na mtu. Miguu yake miwili ilikuwa imevunjika. Hawakuweza kumfikia ili kumwokoa, wala kummaliza. Siku ya pili bado alikuwa pale pale, yu hai. Scott alijiuliza kwa haki gani mtu humtenda ndege hivi kwa furaha yake tu. Hakutupa bunduki yake siku ile ile, kwa maana tabia ya miaka mingi haikatiki kama uzi. Lakini swali lile halikumwacha, na mwishowe aliacha kabisa kuwinda.

Mwaka 1946 alianzisha mahali pa kuwatunza na kuwachunguza ndege wa majini huko Slimbridge, karibu na mto Severn. Hapo ujuzi wote wa mwindaji ulitumika kwa kazi mpya. Aliyejua mahali bata watakapotua ndiye aliyejua mahali pa kuweka nyavu. Walikamatwa wakiwa hai, wakatiwa pete ya madini mguuni yenye namba, wakaachwa waende. Hata ule mtego wa mifereji na mbwa, katika mahali paitwapo Borough Fen, ulitumika kuwatia bata pete badala ya kuwapeleka sokoni. Pete moja ikipatikana nchi nyingine huonyesha njia ya ndege kuliko maneno ya kubahatisha.

Wakati huo katika visiwa vya Hawaii, vilivyo mbali katika bahari ya Pasifiki, bata bukini wa huko waitwao nene walikuwa karibu kwisha; walibaki makumi machache tu. Mwaka 1950 wawili waliletwa Slimbridge, wakadhaniwa kuwa dume na jike. Wote wawili wakataga mayai! Ikabidi dume aletwe kwa ndege ya abiria. Baadaye watoto walianguliwa, wakaongezeka, na mwaka 1962 baadhi yao walirudishwa Hawaii. Mwaka 1961 Scott alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la ulimwengu la kuhifadhi wanyama, nao mchoro wa panda ulio alama ya shirika hilo ni kazi yake. Alikufa mwaka 1989.

Uwindaji wa bata haujakoma katika Uingereza, lakini una mipaka yake. Katika Uingereza na Wales, ufukoni ambako maji hujaa na kupwa, wakati wa kuwinda bata walioruhusiwa huanza tarehe 1 Septemba na kwisha tarehe 20 Februari, ndege wapate kurudi kuzaa kwa salama. Tena iligunduliwa kwamba marisau ya risasi huua hata yasipompiga ndege. Huanguka chini ya bwawa. Bata, ambaye humeza vijiwe ili visage chakula tumboni, huyameza pamoja navyo, na sumu ikamwingia. Kwa hiyo tangu mwaka 1999 ni marufuku katika Uingereza kuwapiga bata kwa marisau ya risasi. Hutumika ya chuma na madini mengine.

Wazee wa pwani hawana neno moja juu ya mambo haya. Wako walioweka bunduki, wakabaki na darubini tu. Wako waendao bado mara chache kwa mwaka, wakachukua bata mmoja au wawili wa kula, na siku nyingine zote hulinda bwawa lisikaushwe. Lakini wote hukubaliana katika jambo hili, ya kwamba mtu asiyemjua ndege hana ruhusa ya kumpiga, na amjuaye sana hapendi kumpiga ovyo.

Kanuni hii ni ya kale kuliko bunduki. Torati ya Musa ilimwamuru mtu akutaye kiota njiani asimchukue mama pamoja na makinda, bali amwache mama aende. Aliyetii alipata chakula, na ndege hawakukoma katika nchi yake.

Neno hili lawahusu pia watoto wa Afrika ya Mashariki, hata kama hawataiona ghuba ile. Kila mwaka, kipupwe kikianza Ulaya na Asia, bata wengine huruka kusini hata ziwa Naivasha na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Ndege huyo hana nchi moja. Akilindwa katika kiota chake, akalindwa njiani, kisha bwawa lake la mwisho likakaushwa au kutiwa sumu, kazi ya wote waliotangulia imepotea. Na kijana ashikaye manati kando ya ziwa hilo ameshika mkononi mwake kazi hiyo yote.